Amina Ndiyo Ilikuwa Saa Yetu

Siku mliyoniaga kwa keki na blanketi, mmoja wenu alisimama akasema Mzee Kyalo ana siri nyingi za kazi na asiende nazo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilicheka, lakini nilipofika nyumbani kwangu kule Kabati nilikaa nikazitafuta hizo siri kichwani na sikuziona. Nilichopata ni mambo mengi ambayo sikuyaelewa yalipotokea, na mengine siyaelewi mpaka leo. Basi nawaandikia hayo. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuja polepole na havikunifundisha chochote, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika chuoni Kitui nikiwa na diploma ya maabara na suruali moja nzuri. Nilitegemea kupelekwa kemia, nikaoshe chupa na kupima asidi kama tulivyofundishwa. Badala yake nilikabidhiwa kwa Mzee Nzioka, fundi mkuu wa fizikia, mtu mfupi wa Makueni aliyefunga vifungo vyote vya koti lake jeupe hata mwezi wa pili, jua likichoma. Alinipeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kile ambacho vioo vya dirisha vimepakwa rangi nyeusi.

"Ingia, ufunge mlango," akaniambia. "Mwanga ukiingia huku, kazi imeharibika."

Nilifunga. Giza lilikuwa giza kweli, isipokuwa mstari mmoja mwekundu mwembamba uliokatiza meza. Mzee Nzioka alichukua kitu kidogo kwa kibano kutoka kwenye bamba la moto, akakihamishia bamba la pili lililopoa kidogo, pale mstari mwekundu ulipopita. Akaniuliza ninaona nini kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani.

"Sioni kitu, Mzee."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo kutoona."

Tulisimama. Nilianza kujiuliza kama hii ndiyo kazi niliyoomba. Kisha pale ukutani pakatokea wekundu hafifu uliotawanyika, ukajikusanya ukawa ua la petali nne, safi kabisa, na lile ua likaanza kupungua ukubwa huku likizidi kung'aa. Nilimwambia Mzee kwamba mashine inaharibika, ua linanywea. Alicheka mpaka akakohoa, na jioni ile alikuwa amewasimulia watu wote wa idara.

Kwa wale wa ofisini watakaosoma hii bila kuwahi kuingia chumba kile, ngoja nieleze. Plastiki ikiyeyuka, ndani yake hakuna mpangilio. Ikipoa, sehemu zake zinajipanga na kuwa punje za mviringo, ndogo mno kwa macho, na punje zinakua mpaka zinagusana. Ni habari ileile ya chumvi inayobaki kwenye sufuria maji yakikauka, ila hii inatokea ndani ya utando mwembamba uliobanwa kati ya vioo viwili vidogo. Ukipitisha mwanga wa leza kwenye utando huo, ukiwa umeweka kichujio cha mwanga mbele na kingine nyuma, vimepishana, plastiki iliyoyeyuka haipitishi kitu. Punje zikianza kukua zinatawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika unachora lile ua. Unapima ua kwa rula, unapiga hesabu, unajua punje zina ukubwa gani bila kuzigusa.

Sasa shida yangu ilikuwa hii: punje zikiwa kubwa, ua linakuwa dogo. Punje zikiwa ndogo, ua ni kubwa. Mzee Nzioka alinieleza sababu mara nyingi, nikaitikia mara nyingi, na miaka ya kwanza nilikuwa bado ninaandika kinyume. Mpaka nilipostaafu nilikuwa nikisimama mbele ya ukuta ule nikijisemea moyoni, kubwa ni dogo, dogo ni kubwa. Kama kuna kati yenu anayefanya hivyo kwa siri, asione haya.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Leza ya zamani ilihitaji nusu saa kupata moto na ilikuwa ikipepesa kila posho mill, ile mashine ya kusaga unga ng'ambo ya barabara, ilipowashwa, kwa hiyo tulijua siku za soko bila kuangalia kalenda. Vioo tulivisafisha kwa spiriti na kitambaa cha shati kuukuu la pamba lililofuliwa bila sabuni. Mzee Nzioka alileta mashati yake mwenyewe. Vumbi lilikuwa adui mkubwa kuliko wote, maana chembe moja ya vumbi la Kitui inatawanya mwanga vizuri kuliko plastiki yoyote, na mwanafunzi asiye makini anaweza kupima udongo wa nyumbani kwao akadhani amegundua kitu.

Halafu kulikuwa na maombi. Idara yetu, mnavyojua, haikuanza kazi bila maombi. Saa mbili asubuhi wote tulikusanyika kwenye chumba kile cha giza kwa sababu ndicho kilikuwa na nafasi na utulivu: mafundi, karani, mama wa usafi, na wanafunzi waliokuwa na kazi siku hiyo. Mzee Nzioka, ambaye hakupenda kupoteza muda wa Mungu wala wa serikali, alikuwa na mtindo wake. Alikuwa anaweka utando wa kwanza kwenye bamba la moto, anafunga mlango, tunaomba. Akisema Amina, anauchukua utando kwa kibano na kuuhamisha kwenye leza.

"Tukimaliza kuomba, hii nayo imemaliza kuyeyuka," alikuwa anasema. "Amina ndiyo saa yetu."

Nilikuta hivyo, nikafanya hivyo, na sikuwahi kufikiria mara mbili. Kwenye karatasi ya maelekezo iliyobandikwa mlangoni, hatua ya tatu ilisema: yeyusha utando kikamilifu, kisha hamisha. Maombi hayakuandikwa. Nani ataandika maombi kwenye maelekezo ya mashine?

Mzee Nzioka alipostaafu aliniachia chumba, kibano, na zamu ya kuongoza maombi. Tofauti yetu ilikuwa moja. Yeye alikuwa na ombi moja, neno kwa neno, kila siku ya kazi tangu nimjue. Angeweza kuliomba amelala. Mimi ni mzee wa kanisa na napenda kuomba kulingana na habari za siku: mvua imekataa, naombea mvua, mtoto wa karani anafanya mtihani, naombea mtihani. Vijana walianza kuniita Pasta, na nilijifanya sipendi.

Mwaka uleule majibu ya chumba yalianza kuyumba. Plastiki moja, gunia moja, joto moja, lakini leo ua kubwa, kesho dogo kidogo, keshokutwa katikati. Niliishuku leza. Nikaandika barua, nikaandika nyingine, mwishowe tukaletewa leza mpya, na majibu yakaendelea kuyumba vilevile. Nikashuku posho mill, tukafunga stebilaiza ya kutuliza umeme. Nikashuku vioo. Nikashuku macho yangu, nikapima miwani. Nilikuwa mtu mzima mwenye uzoefu ambaye haelewi chumba chake mwenyewe, na jambo hilo lilininyima raha kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Kazi iliyotuletea mgogoro ilianzia Ikutha, kanisani. Walinunua viti vya plastiki kutoka kwa fundi mmoja aliyekuwa akiyeyusha mabeseni na viti vilivyovunjika na kutengeneza vipya. Viti vilikuwa vizuri kwa macho. Jumapili ya tatu, katikati ya mahubiri, kimoja kilipasuka, na mama aliyekikalia akavunjika nyonga. Ndani ya mwezi vikapasuka vingine. Mzee wa kanisa lao alikuja Kitui na gunia la miguu ya viti, akalimwaga kwenye meza ya Daktari Mwikali na kumwuliza, "Mwaitu, hii plastiki imerogwa ama nini?"

Daktari Mwikali, mzaliwa wa mji wa Wote huko Makueni, alikuwa msimamizi wa utafiti wa chumba kile. Yule mzee alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, ingawa kwa umri Daktari angeweza kuwa binti yake, na Daktari akaona heshima hiyo haiwezi kuachwa bila jibu. Alijua tayari kwamba plastiki ya viti ikiwa na punje kubwa inakatika kwenye mipaka ya punje, na ikiwa na punje ndogo inavumilia. Alitaka kujua namna fundi wa kawaida, asiye na mashine ghali, anavyoweza kupata punje ndogo. Kazi hiyo alimpa mwanafunzi wa uzamili aitwaye Zahra.

Zahra alitoka Mwingi. Familia yao inauza mbuzi na ngamia, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kufanya kazi kwenye chumba chetu. Asubuhi ya kwanza nilimwambia anaweza kubaki ndani tukiomba, hakuna atakayemlazimisha chochote.

"Hapana, Mzee, nyinyi ombeni kwanza. Mimi nitangoja hapo nje kwa benchi," alisema, na kila asubuhi alikaa pale na daftari lake mpaka tufungue mlango. Tando zake mwenyewe alizifanya mchana, peke yake. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko mimi. Niliipenda kazi yake upesi, na nawaambia hili ili mjue kwamba sikuwa na kinyongo naye.

Baada ya miezi kadhaa alileta majibu. Maua yake yalikuwa makubwa, karibu mara mbili ya yetu. Maana yake punje ndogo, plastiki ngumu, viti visivyovunjika. Na alidai kwamba hakuongeza kitu chochote, ni plastiki ileile, joto lilelile, maelekezo yale ya mlangoni.

Daktari Mwikali aliniita ofisini. "Mzee Kyalo, huyu msichana ameniletea kitu sielewi. Either yeye ni genius ama anatuchezea. Si urudie wewe mwenyewe, vile kawaida unafanya?"

Nilirudia, asubuhi, vile kawaida ninafanya. Ua likawa dogo. Nilirudia kesho yake, dogo. Siku tano nilirudia na hata mara moja sikufikia maua ya Zahra. Daktari akaandika ripoti, nami nikatia sahihi chini ya sentensi iliyosema kwamba nimefuata hatua zake zote bila kubadilisha. Niliamini hivyo kabisa. Ripoti ikaenda kwa kamati ya chuo, na barua ikamrudia Zahra: ana wiki mbili, kisha aje ajibu shtaka la kubuni matokeo. Aliyepatikana na kosa hilo alifukuzwa, na hakuna chuo kingine ambacho kingempokea.

Alinijia akiwa na barua mkononi. Hakupaza sauti.

"Mzee, wewe unafikiri nimebuni?"

"Sijui, Zahra. Nimejaribu. Haitoki."

"Mimi naandika kile naona. Wallahi sijaongeza hata milimita."

"Basi nitajaribu tena."

"Ukijaribu na isitoke, si utakuwa umenizika zaidi?"

Nyumbani nilishindwa kula, mke wangu akadhani ni vidonda vya tumbo. Nilikuwa na mambo mawili kichwani ambayo hayakukaa pamoja: nilijua yule msichana si mwongo, na nilijua mikono yangu si ya uongo pia. Mmoja wetu alikuwa amekosea na sikuona ni wapi.

Wiki hizo mbili nilibadilisha kila kitu. Nilitumia vioo vyake. Nilitumia kibano chake. Nilikata utando kutoka kipande kilekile alichokata yeye. Nilivipangusa vichujio mpaka nikaogopa kuvichubua. Wakati huo nilikuwa na mzigo, na mtu mwenye mzigo anaomba sana, kwa hiyo hata maombi ya asubuhi yalirefuka. Mama wa usafi aliniambia kwa upole kwamba miguu yake inauma. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa: kadiri nilivyojitahidi, ndivyo maua yangu yalivyozidi kuwa madogo. Yalikuwa yananikimbia. Siku moja ua lilikuwa dogo kuliko nililowahi kuona kwenye chumba kile tangu nianze kazi, na nilikaa kwenye kiti gizani nikiliangalia tu.

Siku nne kabla ya kikao, Daktari alitaka nakala ya daftari la Zahra kwa ajili ya kamati. Nilitumwa kulichukua. Nitasema ukweli: nilikaa chini kulisoma nikitafuta mahali alipofuta namba. Sikuona palipofutwa. Lilikuwa daftari safi. Daktari alikuwa amemwambia mwanzoni aandike kila jambo linalotokea kwa mashine ile kila siku, naye alitii kama alivyoambiwa. Leza imewashwa saa ngapi. Umeme umepotea saa ngapi. Posho mill imelia. Na kila asubuhi, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: maombi yameanza saa mbili na dakika nne, yameisha saa mbili na dakika kumi. Ukurasa unaofuata, maombi dakika nane. Kisha dakika kumi na mbili.

Kwanza niliona aibu, kwamba mgeni amekaa nje akihesabu urefu wa maombi yangu. Halafu nikaona hasira kidogo. Halafu nikaona dakika kumi na tisa, nikaangalia tarehe, na ilikuwa siku ya lile ua dogo kuliko yote.

Nilichukua daftari langu la vipimo nikaliweka kando ya lake. Siku ya maombi mafupi, ua kubwa kidogo. Siku ya maombi marefu, ua dogo. Nilishuka na kidole ukurasa baada ya ukurasa na mpangilio haukuvunjika. Wakati wote ule niliokuwa nikiomba, utando ulikuwa kwenye bamba la moto.

Na Zahra je? Yeye mchana, peke yake, alisoma hatua ya tatu mlangoni: yeyusha kikamilifu, kisha hamisha. Aliona plastiki imekuwa angavu baada ya dakika tatu, akahamisha. Hakuwa na mtu wa kumwambia asubiri Amina.

Nilifunga mlango, peke yangu, na kwa mara ya kwanza kwenye chumba kile nilianza kazi bila kuomba. Nilijisikia vibaya, nisiwafiche. Utando wa kwanza niliuweka motoni dakika tatu. Wa pili dakika kumi. Wa tatu dakika kumi na tisa, nikiwa nimekaa kimya na simu mkononi, nikihesabu. Wa kwanza ulitoa ua kubwa, lilelile la Zahra, milimita kwa milimita. Wa tatu ulitoa kile kiua kidogo. Niliinamia meza na nikalia kidogo, na sijui kama ilikuwa furaha au hofu, kwa sababu nilikumbuka sahihi yangu.

Nilikimbia kwa Daktari Mwikali. Alisikiliza, akajipiga paji la uso.

"Ngai! Kumbukumbu ya plastiki. Nimefundisha hii kitu darasani, Mzee. Nimeifundisha!"

Alinieleza, na hii nimeielewa afadhali kuliko lile ua. Plastiki ikiyeyuka haraka inakuwa maji kwa macho, lakini haijasahau yote. Vipande vidogo vya mpangilio wa zamani vinabaki ndani, na hivyo ndivyo vinakuwa mbegu. Mbegu nyingi huzaa punje nyingi ndogo. Ukiikalisha motoni, mbegu zinaisha moja moja, na punje chache zinazobaki zinapata nafasi ya kunenepa. Bamba letu kuukuu lilikuwa la joto la chini, juu kidogo tu ya kuyeyuka, kwa hiyo plastiki ilichukua muda mrefu kusahau. Daktari alikuwa ameamini siku zote kwamba tunaikalisha dakika kumi kama vitabu vinavyosema. Mimi niliamini tunaikalisha vile Mzee Nzioka alivyoikalisha. Ombi lake la neno kwa neno lilikuwa na urefu uleule kila siku, ndiyo maana enzi zake chumba hakikuyumba. Ile leza mpya niliyoililia kwa barua haikuwa na cha kurekebisha, maana kosa halikuwa kwenye leza ya zamani.

"Kwa hivyo Amina ilikuwa sehemu ya experiment," Daktari alisema polepole, "na hakuna mtu aliiandika."

"Mmoja aliiandika," nikasema, nikamwonyesha daftari.

Kwenye kikao nilisimama mbele ya watu watano wenye tai nikasema ninaondoa sahihi yangu. Mwenyekiti aliniuliza kwa sababu gani. Nilisema kwa sababu niliapa kwamba nimefuata hatua zake bila kubadilisha, na nilikuwa nimebadilisha, kwa maombi. Mmoja aliuliza kama nina maana kwamba maombi yanaharibu utafiti. Nikasema hapana, mheshimiwa, ni saa ndiyo iliharibu. Tungekuwa tunakunywa chai wakati huo ingekuwa vilevile. Nadhani walinielewa. Kuna mmoja ambaye mpaka leo tukikutana Kitui mjini ananiuliza kama bado ninayeyusha watu kanisani.

Walilichukua daftari, wakaja chumbani, wakafungiwa gizani, nikawaonyesha tando tatu. Shtaka likafutwa siku ileile, na kazi ya Zahra ikapokelewa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Fundi wa viti akaambiwa asichemshe plastiki yake muda mrefu, aiyeyushe kidogo kidogo na upesi, na watu wa Ikutha bado wanavikalia viti vyake, nilivyosikia.

Sisi tulihamishia maombi kwenye korido, na tukanunua saa ya kuhesabu dakika ile inayolia. Hatua ya tatu mlangoni sasa imeandikwa dakika. Mkiona mwandiko ule wa kalamu nyekundu, ni wangu. Kama mna mambo mengine mnayofanya kila siku bila kuandika kwa kuwa ni ya kawaida mno, nawaomba mkae mkayafikirie. Nami nimekaa nikayafikiria yangu na sijafika mwisho. Nilimwendea mchungaji nikamweleza habari yote, nikamwuliza maombi yale yalijibiwa ama yalikataliwa. Aliwaza sana, akaniambia atarudi kwangu, na mwaka umepita.

Lakini kitu ninachokibeba zaidi ni cha siku ile ya kikao. Tulipotoka, Zahra alisimama nami kwenye veranda. Alikuwa hajacheka kwa wiki mbili na bado alikuwa hacheki.

"Mzee, nikuulize kitu na usikasirike."

"Uliza tu."

"Ile siku ya dakika kumi na tisa. Nilikuwa hapo kwa benchi nikashangaa sana. Kuna mtu alikuwa amekufa? Mlikuwa mnaombea nini hivyo?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilitamani kudanganya na nikashindwa.

"Tulikuwa tunakuombea wewe," nikamwambia. "Kwamba majibu yako na yetu yafanane. Siku ile niliomba sana."

Alinitazama. Akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka niliposikia sauti yake.

"Haki, Mzee! Si mngeniombea kwa ufupi tu?"